Udongo Usiopokea Joto

Vibarua wa mitaro walimwita Sindano, na jina likashika hata ofisini, mpaka ikawa wachache tu wanaokumbuka alilopewa na wazazi wake. Halikuwa jina la dhihaka. Kazi yake yote ilikuwa sindano: chuma chembamba, kirefu kama mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, na ndani yake mna waya wa kupasha moto na kipimajoto kidogo kama punje ya mtama. Alikichomeka ardhini, akakiunganisha na kisanduku chenye betri, akawasha, kisha akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akisubiri. Chuma kikipanda joto polepole na kutulia, basi udongo umelipokea joto na kulisambaza mbali. Kikipanda haraka kama mtoto mwenye homa, basi udongo umekataa, na joto limekwama palepale lilipozaliwa.

Wapita njia walimuuliza anatafuta nini. Wengine walidhani ni madini. Yeye aliwajibu kwamba anapima kama ardhi ina roho nzuri, wakacheka, wakaenda zao.

Ukweli ni kwamba alipima njia za nyaya kubwa za umeme, zile zinazozikwa chini. Nyaya hizo zikifanya kazi hupata moto, na moto huo lazima uondoke. Udongo ukiupokea, nyaya hudumu miaka. Udongo ukikataa, nyaya hujipika zenyewe kidogokidogo, ganda linalegea, na siku moja mitaa mizima inalala gizani na mtaro unafukuliwa upya. Sindano alishaona nyaya zilizofukuliwa namna hiyo, zimevimba na kupasuka kama mihogo iliyosahauliwa jikoni. Ndiyo maana hakuwa mtu wa kukadiria.

Hakuolewa, na jambo hilo liliwasumbua watu wengine kuliko lilivyomsumbua yeye. Alipanga vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ndugu aliyebaki naye duniani, wa kumtembelea na kumsikiliza akilalamika, alikuwa mama mdogo wake. Mama mzazi alifariki Sindano akiwa hajaanza kutembea vizuri, na mdogo wa marehemu akaja msibani na mkeka mmoja, akaondoka na mtoto mgongoni. Akamlea pamoja na mwanawe wa kumzaa, kitanda kimoja, sahani moja. Sindano hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila Mama.

Mama Mdogo aliishi katika nyumba za mstari zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilishakufa, ulibaki ukuta wake wa nyuma na bomba la moshi lenye ndege. Nyumba zilikuwa za paa moja refu, milango imepangana, bomba la maji mwanzoni mwa mstari, na mlango wa Mama Mdogo ulikuwa wa mwisho kabisa, ule unaogusana na ukuta wa kiwanda.

Kutoka mlango huo ndipo alipoondoka mwanawe. Alipanda lori la mbao kwenda kutafuta kazi, akasema akipata pa kusimama atarudi kumchukua mama. Mwanzoni alipiga simu kwa jirani, maana wakati ule nyumbani hawakuwa na simu. Kisha jirani akahama na simu yake, na habari zikakatika. Miaka ilipita. Watu wa mstari, wanapomtaja kijana yule, walizoea kusema moto huzaa majivu, kwa sababu baba yake alikuwa mchapakazi aliyeheshimika. Mama Mdogo alikuwa akilisikia hilo anainuka na kuingia ndani. Kwake hesabu ilikuwa nyepesi. Mwanawe hana namba ya simu ya mtu yeyote pale. Anachokijua ni mlango wa mwisho, karibu na ukuta. Kwa hiyo mlango lazima uwepo, na nyuma ya mlango awepo mtu.

Siku Sindano alipofunguliwa ramani ya njia mpya ofisini, aliona mstari mwekundu umepita mbele ya nyumba zile. Alimwambia mkuu wake kuwa ana mzazi pale, apewe mtu mwingine kipande kile. Mkuu alimsikiliza, hakuwa mtu mbaya. Akasema mpimaji mwenzake ameacha kazi na nafasi yake bado iko wazi, na kwamba njia ile inapeleka umeme kwenye hospitali mpya, haiwezi kungoja. Akaongeza kuwa namba ya kipimo haina ndugu. Sindano hakubisha tena. Moyoni alijiambia kwamba huenda udongo wa pale ni mzuri, na mambo yakapita kimya.

Maana mambo yote yalitegemea udongo. Ukiwa mzuri, mtaro ungekuwa mwembamba, ungejipenyeza kati ya barabara na vizingiti vya nyumba bila kumgusa mtu. Ukiwa mbaya, nyaya zingetakiwa kulazwa mbalimbali zisipashane moto, mtaro uchimbwe mpana, udongo wa asili utolewe na kujazwa mchanga maalumu. Na mtaro mpana ulikuwa hauna mahali pa kupita ila juu ya nyumba.

Alifika asubuhi na vibarua wawili na nyapara wao, mtu mnene mwenye maneno mengi. Ilikuwa katikati ya kiangazi, ardhi imepasuka. Mama Mdogo alimtolea kigoda, akawapa wote chai ya rangi, akamtania mbele ya watu kwamba amesomeshwa kwa shida ili aje kuuchoma mlango wa mama yake sindano. Vibarua walicheka. Sindano naye alicheka. Kisha akatoboa ardhi hatua chache kutoka kizingitini, na mkono ukajua kabla ya kipimo. Chini ya tabaka jembamba la udongo mwekundu kulikuwa na kitu cha kijivu, chepesi, kinachomomonyoka. Kiwanda kilikuwa kimemwaga majivu ya matanuri yake bondeni miaka na miaka, kikasawazisha, kikajenga juu yake nyumba za wafanyakazi.

Alichomeka chuma, akawasha. Joto lilipanda kwa kasi, halikutulia. Alirudia mahali pengine mara kadhaa, mpaka mwanzo wa mstari. Matokeo yakawa yaleyale.

Vibarua walipokwenda kununua maandazi, Mama Mdogo alisogeza kigoda chake karibu na ndoo aliyokalia Sindano.

"Uso wako umebadilika," alisema. "Niambie."

Sindano alimwambia. Hakumficha, maana hawakuzoea kufichana. Alipotaka kueleza kwa nini majivu ni mabaya, hakuhitaji kwenda mbali. Mama Mdogo mwenyewe alikuwa akifukia makaa kwenye majivu usiku, na alfajiri anayakuta mekundu. Majivu hayaruhusu joto litoke. Nyaya zikilazwa humo zitakuwa kama makaa yale.

Mama Mdogo aliitikia kwa kichwa taratibu, ameelewa vizuri kuliko wengi walioelezwa kwa michoro. Aliutazama mlango wake. Kisha akauliza kama vile anauliza bei ya nyanya.

"Na udongo mbaya hauwezi kuwa mzuri?"

"Ukilowa unakuwa afadhali. Maji yanabeba joto. Lakini hapa ni pakavu, Mama."

"Maji," alisema Mama Mdogo, na hakuuliza tena.

Kwa utaratibu wa kazi, kipande kibaya hupimwa tena baada ya muda kabla ya uamuzi. Sindano aliaga akisema atarudi. Katika siku zile hakulala vizuri. Alijaribu kumshawishi Mama Mdogo kwa simu ahamie kwake mapema, kwa hiari yake, wapange vitu polepole. Mama Mdogo alijibu kwa upole kwamba haraka ya nini, kipimo bado. Akabadilisha mazungumzo, akauliza kama Sindano anakula.

Mara ya pili alipofika, mvua ilikuwa bado haijanyesha hata tone. Alichomeka chuma mbele ya mlango wa mwisho na kikazama kama kimeingia kwenye ugali. Akawasha. Joto likapanda kidogo, likatulia. Nyapara, aliyekuwa amechungulia kisanduku juu ya bega lake, alipiga makofi na kusema kumbe siku ile chombo kilikuwa na wazimu. Mtaro mwembamba! Vibarua wake wangepumzisha migongo.

Sindano aliinama. Akashika udongo. Ulikuwa mweusi, unashikamana. Alitazama kandokando, akaona viduara vya vitako vya ndoo vimejichora kwenye vumbi, mstari mzima, kutoka bombani mpaka ukutani. Fundi viatu, aliyekuwa akishonea kwenye kibaraza cha mlango wa tatu, alimwona anavyotazama.

"Muulize mama yako," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu ulipoondoka, kila kukicha ni ndoo. Wenzangu wanasema amerukwa na akili, anamwagilia ardhi isiyo na mche. Nilimpokea ndoo siku moja akanifukuza. Alisema kazi hii ni yake."

Mama Mdogo alikuwa mlangoni. Alisimama ameegemea mwimo, mkono mmoja kiunoni, na Sindano aliona jinsi mwili ule ulivyopinda upande. Mgongo wake ulikuwa mbovu tangu zamani. Hata kuinua sufuria ya maharage alikuwa akiomba msaada. Na bomba la maji lilikuwa mbali, na maji yenyewe yalitoka kwa masaa ya kubahatisha.

Sindano aliwaomba vibarua wakapumzike, akaingia ndani na mama yake. Chumba kilikuwa kilekile, kitanda chenye shuka la maua, kabati la vyombo, na kwenye msumari shati la yule kijana lililokuwa likifuliwa kila baada ya muda ingawa halivaliwi.

"Mama, umefanya nini?"

"Ulisema maji."

"Nyaya zikianza kupata moto zitayakausha hayo maji. Udongo utarudi kuwa majivu. Zitaungua."

"Lini?"

"Sijui. Mwaka, miaka michache."

"Wakati huo nitakuwa nimeshakufa, au mwenzio atakuwa ameshakuja." Mama Mdogo alikaa kitandani polepole, akishika ukingo. "Sikuombi useme uongo. Sindano yako imesema yenyewe, na yule mnene ameona. Andika ulichokiona leo, basi. Mimi sikuishika hiyo sindano."

Sindano alibaki amesimama. Alitaka kusema kuhusu hospitali, kuhusu watu watakaokuwa mezani wamepasuliwa umeme ukikatika, lakini maneno hayo yalionekana makubwa mno ndani ya chumba kile. Alisema tu kwamba atafikiri. Mama Mdogo akamshukuru kana kwamba amekubali, akamfungia maharage mabichi kwenye mfuko.

Kabla ya kuondoka, Sindano alichimba udongo wa mbele ya mlango akaujaza kwenye kopo na kulifunga. Nyapara alimuuliza wa nini tena huo, wakati kipimo ni kizuri. Kisha akamtazama yule mama mlangoni, akautazama udongo mweusi, na kwa mara ya kwanza siku ile akapunguza sauti. Akasema damu nzito kuliko maji, na kwamba kwa upande wake yeye ni mchimbaji tu, macho yake hayaoni mbali.

Kule maabara, Sindano aliuweka udongo ule kwenye jiko la kukaushia. Aliukausha kidogo, akaupima, akaukausha tena, akaupima. Ndivyo inavyotakiwa kufanywa kwa udongo wa kuzikia nyaya, na hakuna aliyemlazimisha, lakini pia hakuna aliyemzuia. Kila unyevu ulipopungua, joto lilizidi kukwama. Mwishoni alikuwa na vumbi la kijivu ndani ya kopo, linalozuia joto kuliko blanketi. Alikaa mbele yake muda mrefu. Wenzake walikwenda kula wakarudi.

Alifikiri juu ya mtu mmoja tu, na hakuwa mgonjwa wa hospitali. Alimfikiria kijana yule wa lori la mbao, aliyemfundisha kuogelea kwenye bwawa la kiwanda, aliyekuwa akimwachia upande wa ukutani kitandani. Alijiuliza kama yeye mwenyewe bado anaamini atarudi. Akakuta kwamba haamini, wala hakumbuki ni lini alipoacha. Hilo lilimwumiza kuliko kipimo, kwa sababu aliona kwamba anayeandika ripoti ni mtu aliyekwisha kata tamaa, na anayebeba ndoo ni mtu ambaye hajakata.

Akaandika. Aliandika kwamba udongo ni majivu ya kujazia, kwamba ulikuwa umemwagiwa maji kabla ya kipimo cha pili, na kwamba ukikauka haufai. Mkuu aliposoma aliuliza nani aliyemwaga maji. Sindano akasema ni mkazi. Mkuu alimtazama, akakumbuka, akatia sahihi bila kuuliza zaidi.

Sindano alipanga kwenda kumwambia Mama Mdogo yeye mwenyewe kesho yake baada ya kazi. Mtu asisikie jambo kama hilo kwa wageni. Lakini mchana wa siku hiyo fundi viatu alipiga simu.

Mama Mdogo hakuwa ameacha ndoo. Hakujua kama watakuja kupima mara ya tatu, na aliona heri udongo wakute umelowa kuliko kujutia. Asubuhi ile alimwaga ndoo ya mwisho mbele ya mlango, akageuka kuingia, na mguu ukateleza kwenye tope alilolitengeneza mwenyewe. Aliangukia kizingiti. Nyonga ilivunjika.

Hospitali ya zamani ilikuwa imejaa, walimlaza kwenye kitanda cha korido. Sindano alimkuta amefumbua macho, uso umekauka, ameshika ukingo wa shuka kwa vidole viwili. Alimpangusa, akamnywesha maji kwa kijiko. Muuguzi alieleza kwamba mfupa wa umri ule haushiki vizuri, na mashine ya upasuaji inasubiri umeme usiokatikakatika. Alilisema kama jambo la kawaida, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama Mdogo alingoja muuguzi aondoke.

"Umeshaandika?"

Sindano angeweza kusema bado. Alifikiri baadaye, mara nyingi, kwamba angeweza kusema bado na kumpa usiku mmoja.

"Nimeandika, Mama."

"Uliandika nini?"

"Kwamba hautafaa. Utakauka."

Mama Mdogo hakulia wala hakufoka. Aligeuza uso upande wa ukuta, ambao rangi yake ilikuwa imebanduka na kuacha ramani ya nchi zisizokuwepo.

"Ungeniambia," alisema mwishowe, "nisingebeba zile za leo."

Hilo ndilo neno pekee la lawama alilowahi kulitamka. Sindano alilibeba hivyohivyo lilivyo. Lilikuwa kweli.

Nyumba za mstari zilibomolewa kabla ya mvua. Wakazi wengi walipokea fidia yao na kuondoka kwa furaha, maana paa zilikuwa zinavuja na waliishi pale kwa kukosa kwingine tu. Fundi viatu alihamia karibu na soko akapata wateja zaidi. Sindano alikwenda peke yake kuhamisha vyombo vya mama yake. Alichukua kabati, sufuria na lile shati kwenye msumari. Mlango wenyewe aliwaomba wabomoaji wamwachie, wakamwachia, lakini haukupita kwenye ngazi za nyumba yake, na muuza vipuri akakataa usimame dukani. Ukaishia kuni za mtu.

Mama Mdogo alihamia vyumba viwili vya juu. Mfupa haukushika sawa. Alitembea kutoka kitandani mpaka dirishani kwa kushika kiti, akikisukuma mbele yake, na kutoka dirishani akatazama pikipiki zinazotengenezwa. Alikuwa mgeni mwema kupita kiasi. Alisifu kila chakula. Alishukuru kwa maji ya kuoga. Sindano alitamani agombezwe kama zamani, aambiwe chumvi imezidi, aambiwe amekuwa mvivu wa kupiga deki. Hakuambiwa.

Ombi lilikuwa moja. Mtaro ulipofukiwa, kampuni ilisimika nguzo fupi za zege juu yake kuonya watu wasichimbe. Mama Mdogo alizisikia habari zake kwa fundi viatu alipokuja kumjulia hali. Jioni hiyo akamwambia Sindano kwamba nguzo moja lazima iwe imesimama karibu na ule ukuta wa kiwanda, pale ulipokuwa mlango. Akamwomba aandike pale namba ya simu.

Sindano alinunua rangi nyeusi na brashi. Alipata nguzo palepale alipodhani, akapiga magoti na kuandika namba yake kwa tarakimu kubwa. Hakuandika jina. Mahali hapakuwa na nafasi, na kama yule kijana angefika pale angeelewa; ndivyo alivyomweleza mama yake, na mama akakubali. Kampuni ilipopaka nguzo zake rangi upya, namba ikafutika, naye akarudi kuiandika.

Kuanzia hapo, kila alipoingia kutoka kazini, swali lilimkuta mlangoni.

"Kuna aliyepiga?"

"Bado, Mama."

Kwa kweli walipiga wengi. Watu wa mtaa ule, walipoona namba ya simu kwenye nguzo ya umeme, walidhani ni ya kuripotia hitilafu. Walimpigia umeme ukikatika. Walimpigia kumwambia taa ya barabarani imekufa, nguzo imeinama, mita inakula fedha. Wengine walimtukana kwanza ndipo wakaeleza. Siku moja Mama Mdogo alimsikia akimwelekeza mzee mmoja namna ya kuwasha swichi kuu, mzee akashukuru na kumwombea baraka, na Mama Mdogo akacheka mpaka akashika nyonga. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka katika nyumba ile. Sindano alikumbuka kicheko hicho kwa muda mrefu, na pia jinsi kilivyokatika, na mama yake akageukia dirisha.

Alifariki msimu wa mvua ulipokuwa unakwisha, kwa kifua, kama wanavyofariki wengi waliolala sana. Siku za mwisho alikuwa akichanganya mambo. Alimwambia Sindano asogee upande wa ukutani, mwenzake atalala huku. Sindano alisogea. Alilala pale, amemgeukia, mpaka pumzi ikawa haisikiki. Majirani wa mstari walikuja kumzika, wakatoka pembe zote za mji, na nyapara naye alikuja, akashika koleo bila kuombwa.

Nyaya zimelala salama ndani ya mchanga wake. Hospitali mpya imefunguliwa na taa zake huonekana kutoka mbali. Sindano bado anapima; sasa wapo wawili, ameletewa mwenzake anayemfundisha kazi, na watu wanasema amekuwa mkali kidogo.

Namba hajaifuta, wala hajabadilisha simu. Simu ikilia na namba ngeni, hata kama yuko kwenye kikao, hutoka nje kupokea. Jumapili moja alipigiwa na sauti ya mwanamume, nzito, yenye kukwaruza, ambayo haikusema shida yake mara moja. Kulikuwa na upepo upande wa pili.

"Samahani," ilisema sauti. "Nimeikuta namba hii hapa ukutani, kwenye nguzo."

"Ndiyo," alisema Sindano. Alikaa chini, kwenye ngazi. "Nani mwenzangu?"

Mtu yule alisita, akajitambulisha kuwa ni mlinzi mpya wa kiwanja cha jirani. Akasema huku kwao giza, tangu jana, na hajui amwambie nani. Sindano alifumba macho kidogo. Kisha akamuuliza kama ni kiwanja kizima au ni kibanda chake peke yake, na akamsikiliza mpaka mwisho.